Mtakatifu Yozefu wa Ganshoren

Nianze na ujinga wangu, maana kila kilichovunjika mwaka ule, mlango wetu, jino langu, nyusi ya Mama Mdogo, kioo cha gari, kilianzia mdomoni mwangu. Nilichukua maikrofoni, ile sisi tunayoita micro. Basi. Tulikuwa kwenye ukumbi wa parokia hapa Ganshoren, Bruxelles, siku ya ubatizo wa mtoto Riziki, wanawake wamevaa kitenge cha sare, wanaume wameshiba mbuzi, na mimi Trésor, miaka kumi na mitano, bingwa wa kufukuzwa darasani, nikamnyang'anya mshereheshaji kifaa chake nikasema: "Bon, bamaman na bapapa, tupigie Tonton Déo makofi! Tangu Mutakatifu Yozefu, ni yeye muntu wa kwanza kupata mutoto bila kugusa kitu!" Vijana wa meza yetu walipasuka. Halafu ukumbi ukanyamaza, ule ukimya ambao unasikia hata friji. Halafu, kule kwenye meza ya bia, rafiki mmoja wa Tonton akaelewa, akacheka hadi akaupiga uso wake mezani. Kicheko changu mimi kilikuwa cha kitoto. Kile cha rafiki yake ndicho kilichotuangamiza.

Wiki iliyopita tumemzika Tonton Déo, baba yangu mdogo wa ndoa. Moyo, walisema madaktari, na mimi nikauma ulimi nisiulize waliupata wapi. Kwenye matanga niliketi na sahani ya plastiki magotini, nikisikiliza watu wakisema alikuwa mtu wa watu, mtu wa kutoa, huku ulimi wangu ukicheza na jino la bandia alilonisababishia. Mama Mdogo Espé, mjane wake, alilia kweli. Nilimtazama nikashindwa kuelewa, na niko rhéto sasa, darasa la mwisho, mwaka ambao inasemekana mtu anaelewa kila kitu. Riziki, ambaye anaanza kusoma herufi, alikula sambusa za waombolezaji watatu akaniuliza yule baba wa kwenye picha ni nani. Nilitaka kusema mzaha. Niliuona mkono wa Maman ukitulia juu ya meza, nikasema tu, "Ni Tonton." Lakini kulikuwa na mwaka ambapo, kwa sheria ya nchi hii, jibu sahihi lingekuwa, "Ni baba yako."

Maman alitolewa kizazi siku niliyozaliwa mimi. Damu ilikataa kusimama, wakachagua. Mimi husema nilitoka nikafunga mlango nyuma yangu, na Maman hucheka, lakini hucheka kwa mdomo tu. Kwa miaka mingi yeye na Papa walitaka mtoto mwingine, mpaka hospitali moja ikakubali kuwasaidia: wakachukua yai la Maman na mbegu ya Papa, wakaviunganisha kwenye kioo cha maabara, wakampandikizia Mama Mdogo Espé, mdogo wake Maman wa tumbo moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea, jikoni kwetu, akichambua sombe, majani ya muhogo. Alimwambia dada yake mkubwa, "Yaya, tumbo yangu iko inakaa bure. Leteni huyo mutoto." Kama mtu anayekuambia ulete masanduku, gereji yake ina nafasi. Mtoto akabebwa, akazaliwa, weusi wa Papa, paji la Maman, na sisi tukasherehekea. Hatukujua kwamba kwa sheria ya hapa, mama ni yule aliyezaa, na baba ni mume wa yule aliyezaa. Hawaulizi yai. Kwa hiyo kwenye ofisi ya commune, yaani manispaa, Riziki aliandikwa binti wa Espérance na Déogratias. Maman hakuwa kitu. Papa hakuwa kitu. Mimi nikawa binamu.

Watu wengine wangekimbilia wakili. Sisi tulikimbilia mbuzi. Kwetu Bukavu mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na jambo la mtoto humalizwa sebuleni: unawaita wakubwa, unaleta mbuzi na kreti za bia, unamvika kitu yule anayetoa. Papa alimnunulia Tonton koti refu la sufu la rangi ya kahawia, akamvisha kwa mikono yake mwenyewe. Tonton alisimama katikati ya zulia letu, jasho linamtoka, akasema mbele ya wazee, "Nimeisema leo: mutoto ni wenu. Imeisha." Wakanywa yeye na Papa kutoka chupa moja. Nyumbani, baada ya hapo, mtu akirudi nyuma, hata mama yake mwenyewe hatampikia. Tulilala tukiwa familia. Miezi ikapita hivyo hivyo, mtoto analala kwetu, kitanda chake kando ya kitanda cha Maman, mpaka Maman alipompeleka kuchanjwa, na muuguzi akamwuliza kwa upole kama mama wa mtoto anajua.

Ndipo tukaenda kwa maître, wakili mwanamke mwenye ofisi juu ya duka la viatu, Chaussée d'Ixelles. Chumba kilikuwa na harufu ya ngozi mpya iliyopanda kutoka chini. Papa alieleza kila kitu kwa Kifaransa chake kizuri cha kanisani: wazee, bia, koti, mbuzi. Maître alisikiliza, kalamu hewani. "Na huyo mbuzi," akauliza, "kuna karatasi yake yoyote?" Papa akasema, "Maître, mbuzi tulimukula." Mimi nilitoka nje kucheka. Niliporudi hakuna aliyekuwa anacheka. Maître alikuwa anaeleza kwamba Maman na Papa walitakiwa kumuasili mtoto wao wenyewe, kwamba Mama Mdogo na Tonton wote wawili walitakiwa kusaini ridhaa mbele ya mthibitishaji, na kwamba kabla ya sahihi hizo, Tonton Déo akiamka vibaya asubuhi moja akamchukua mtoto, hakuna wa kumzuia. "Kitu kingine," akasema, akimtazama Maman. "Kutakuwa na uchunguzi wa nyumbani. Wataangalia mnavyoishi, mnavyomlea huyu kijana. Msimpige. Hata kofi moja. Wakiliona, mmepoteza." Maman aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayeambiwa aagane na ndugu.

Inabidi muujue ule mkono. Maman alikuwa mlezi wa wazee, kazi yake ilikuwa kunyanyua Wabelgiji wazito kutoka bafuni, na kofi lake lilikuwa na sifa kutoka Ganshoren mpaka Matonge, mtaa wa Wakongo. Lilikuwa halitangazwi. Ulikuwa unaongea, halafu ulikuwa umekaa.

Tonton alikubali kusaini, siku ya Jumatatu baada ya ubatizo, kwa sharti moja: habari ya kioo na yai isitoke nje. Marafiki zake wa kwenye mkahawa alikuwa amewaambia mtoto ni wa damu yake, na kwamba yeye, kwa ukubwa wa moyo wake, amempa shemeji asiyeweza kuzaa. Ukarimu huo ulikuwa umempandisha cheo. Walimwita Président. Walimnunulia bia. Mimi sharti hilo nililijua, nililisikia nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni na mkate mdomoni. Nililijua, nikachukua maikrofoni.

Baada ya kile kicheko, Tonton aliweka glasi chini polepole. Akafunga vifungo vya lile koti, kimoja kimoja, mwezi wa Mei. Akamshika Mama Mdogo kiwiko, wakatoka. Haukupita muda honi ya gari ikalia pale nje. Ikalia tena. Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Kwenye sherehe zetu watu hupiga honi, basi ukumbi ukafufuka, akina mama wakaitikia kwa vigelegele, mshereheshaji akarudishiwa maikrofoni yake akapaza sauti, "Ndiyo, Président, piga!" Watu wakapiga makofi kufuata honi. Ni Papa aliyeenda dirishani. Tonton alikuwa ameshika nywele za Mama Mdogo kwa nyuma, na alikuwa anaugonga uso wake kwenye usukani. Kila pigo, honi. Kila honi, vigelegele. Hata leo harusi ikipita barabarani mimi huingia dukani.

Papa na wanaume wawili walimvuta Tonton kutoka garini, yeye akawatemea mate na kuondoka na mkewe, kwa maana mkewe alisema, kwa midomo iliyovimba, "Mutuache, ni mambo ya nyumba yetu." Maman alikuja moja kwa moja kwangu, kati ya viti vilivyoanguka. Mkono ukapanda. Nilifumba macho, na niseme ukweli, nililitaka lile kofi kama mwenye kiu. Halikuja. Nilipofumbua, mkono ulikuwa bado juu, halafu ukashuka ukamfunika Riziki kichwa. Jumatatu, kwa mthibitishaji, tulikaa tukitazama kiti cha Tonton mpaka karani akaja kuzima taa.

Tonton alikuja Juni, siku ya joto la kuyeyusha lami. Maman alikuwa anasonga bugali, sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, zinakaangika, madirisha wazi, Riziki amelala na nepi tu. Kwanza alifika Mama Mdogo, miguu mitupu, nyusi imepasuka mpaka nyama inaonekana, damu imejaa sikioni. Alikuwa anarudia kitu kimoja: "Anakuja kwa mutoto. Amesema mutu akimucheka, amucheke vizuri." Damu haikusimama, na damu isiyosimama Papa anaijua, kwa hiyo akamwinua akampeleka hospitali, akatuambia tufunge mlango. Tuliufunga. Tonton aliufungua kwa bega. Pigo la kwanza fremu ililia, la pili mbao ilichanika, la tatu akaingia pamoja na kipande chake, amevaa koti. Joto lile, na koti.

Nilisimama kati yake na kitanda cha mtoto, na kwa kuwa sina silaha nyingine mwilini, nikasema, "Tonton, karibu, ila mlango tuliununua kwa—" Sikumaliza. Ngumi ilikuja na pete. Nilisikia jino likiondoka kama jiwe linavyoondoka kwenye dengu, nikaanguka chini, mdomo umejaa ladha ya chuma. Aliniongeza teke la mbavu. Akasema, "Cheka. Cheka sasa, we mutoto." Akaruka juu yangu, akamnyanyua Riziki kwa mkono mmoja kama mfuko wa soko. Hapo Maman akatoka jikoni na mwiko. Siyo mwiko wa watalii. Ule mrefu wa kusongea bugali ya watu ishirini, bado unafuka mvuke. Alimpiga shingoni, bugali ya moto ikamganda kwenye ngozi, akapiga kelele ambazo sijawahi kusikia mwanaume akipiga. Akampiga sikio. Akampiga mkono, ule usio na mtoto. Alipiga kimya, kwa mpangilio, akizunguka ili asimguse Riziki, na yeye Tonton akamzungushia mtoto mbele kama ngao. Maman alipoona hivyo mwiko ukakwama hewani. Tonton akampiga Maman tumboni kwa goti. Akampiga tena akiwa amekunjika.

Bibi Mflamandi wa ghorofa ya chini aliita polisi. Wakaingia askari wawili, wakakuta mwanamke na mwiko, mwanaume anavuja damu sikioni na mtoto mikononi, na mimi sakafuni, ambaye hakuna aliyeniuliza kitu kwa dakika nzima. "Nani mama wa mtoto?" aliuliza mmoja. Maman akasema, "Mimi." Tonton, anahema, akaingiza mkono ndani ya koti lile lile tulilomvisha, akatoa kijitabu cha ndoa chenye jina la Riziki chini ya lake. Askari akasoma, akasoma tena. "Madame, wewe haumo humu." Maman akasema, "Angalia uso yake! Angalia yangu!" Askari alikuwa kijana, nadhani hata alitazama. Lakini wakamwekea Maman pingu, kwa ajili ya sikio, na Riziki akateremka ngazi na Tonton. Nilisikia kilio chake kikishuka ghorofa kwa ghorofa. Jikoni sambaza zikaungua. Mpaka leo harufu ile ikinipata naweka ulimi pale kwenye pengo, halafu nakumbuka hakuna pengo.

Hakwenda mbali. Alienda kwenye mkahawa wa marafiki zake, kuwaonyesha, nadhani, kwamba yeye ni baba hata kama hakugusa kitu. Ila mtoto alikuwa analia, na Président hawezi kunywa na mtoto anayelia, basi akamwacha garini, vioo vimefungwa, jua linapiga usoni. Mpita njia alivunja dirisha kwa kufuli la baiskeli. Walipomtoa alikuwa ameshaacha kulia kitambo. Nilimwona hospitali, sindano ya maji kichwani, na muuguzi anatoa vipande vya kioo kwenye nywele zake kwa kibano, kimoja kimoja, anavitia kwenye kikombe, tik, tik. Mama Mdogo ndiye aliyeruhusiwa kukaa. Alifika na nyuzi mbichi kwenye nyusi, akasimama mbele ya daktari akasema kwa sauti kavu, "Mimi ndiye mama," kwa maana kwa karatasi ni kweli, na kwa karatasi alikuwa ndiye pekee aliyeweza kusema, "Asitoke hapa na yule mwanaume." Maman, aliyeachiwa jioni ile, alizuiwa mlangoni. "Wewe ni nani kwake?" Kwa Kiswahili chetu angekuwa mama mkubwa, mama vilevile. Kwa Kifaransa ilimbidi aseme, "Tante," neno lile lile la shangazi. Nilikuwa nimemshika mkono. Alilisema neno lile kama anavyotema mtu jino. Na hilo nalijua.

Kilichofuata ni vuli na baridi nzima ya kuwa wema. Mama Mdogo alihamia kwetu na Riziki, kwa amri ya jaji, akalala sebuleni chini ya picha ya harusi yake ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa. Maman na Papa walipelekwa kwenye mafunzo ya kujiandaa kuwa wazazi. Maman alirudi kutoka somo la kwanza akavua viatu akasema, "Bamenifundisha kubeba mutoto. Kichwa mbele ya matako, baliniambia. Alors, miaka hii yote nilikuwa nabeba Trésor kwa masikio?" Mama wa ustawi wa jamii alikuja kutuchunguza, mtu mpole mwenye skafu, akala sambaza kwa uma, akauliza kwa utulivu, "Na Trésor akikosea, mnafanya nini?" Maman akatabasamu, tabasamu la picha ya pasipoti. "Tunazungumuza naye." Nilipaliwa na mwiba. Papa alinigonga mgongo, akakumbuka, akageuza akawa ananipapasa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijaribu. Sijui nilitaka nini. Nilikuwa na yale mapigo ya honi kichwani na hakuna aliyenigusa. Nilileta cheti cha shule chenye alama nyekundu za kufeli: tukazungumza. Nilivunja sufuria ya kioo: tukazungumza. Nilimwiga mama wa ustawi na skafu yake mezani, mbele ya Mama Mdogo: mkono ukapanda mpaka usawa wa sikio langu, nikausogelea kabisa, na Maman akaushika kwa mkono wake wa pili akaurudisha mapajani, kama mtu anayefunga mbwa. Hakuna adhabu iliyowahi kuniuma kama kule kutopigwa. Nyumba nzima ilikuwa imeshikilia pumzi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekalia kifua chake.

Mahakamani Tonton alikuja na koti. Alisema, "Mutoto ni wangu. Sitasaini. Banaume yote ya Bruxelles bananiita Yozefu." Na kwa mara ya kwanza nilimsikia, namaanisha chini ya maneno. Jaji, mama mfupi mwenye miwani kwenye mnyororo, aliniita peke yangu chumbani mwake aniulize niliyoyaona. Nilisema mlango, ngumi, ngao. Akaniuliza kwa nini Tonton alibadilisha nia. Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia maikrofoni, na mzaha wenyewe, neno kwa neno. Hakucheka. Ni mzaha wangu pekee uliowahi kuandikwa na karani. Maître baadaye alieleza kwamba baba akikataa, kukataa kwake hakurukwi na mtu; ila baba aliyemfungia mtoto kwenye gari juani, jaji anaweza kumruka. Kwa hiyo nitaishi nalo hili: mzaha wangu ulitunyima sahihi yake, na kisasi chake juu ya mzaha huo ndicho kilichofanya sahihi yake isihitajike. Siwezi kujipongeza. Kikombe kile cha vioo nilikiona.

Hukumu ilisomwa majira ya kuchipua, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Riziki ni binti wa Maman na Papa. Mama Mdogo, ambaye kwa sentensi hiyo hiyo alikoma kuwa mama, alipiga kigelegele kimoja, kikali, mpaka polisi wa mlangoni akashika mkanda wake. Halafu akakaa chini akajifunika uso na kitenge, na hatukujua kama analia au anacheka, wala hakutuambia. Tukatoka nje, kwenye uwanja ule wa juu ambako unaona mji wote, na nyuma yetu Jumba la Sheria limevaa viunzi vyake vya chuma ambavyo havijawahi kuvuliwa tangu nizaliwe. Papa alikuwa anampigia simu kila mtu aliyewahi kukutana naye. Maman alikuwa na Riziki mkono wa kushoto, na hukumu ndani ya mkoba, akaupapasa mkoba kuhakikisha. Akanitazama. Nilidhani anataka kunikumbatia, nikasogea.

Halikutangazwa. Nilikuwa nimesimama, halafu nilikuwa nimekaa, kwenye mawe ya mahakama ya ufalme wa Ubelgiji, sikio linapiga kengele za parokia zote za Kivu, njiwa wanaruka, na watalii wawili wameshusha kamera. Jino la bandia lilikuwa jipya, lilishika. Maman alikuwa juu yangu, anatikisa vidole vyake kama mtu aliyeunguzwa na sufuria, na alikuwa analia kwa mara ya kwanza tangu Mei ile. Akasema:

"Ile ni ya micro. Simama, beba mudogo yako, mukono inaniuma."